Thonny kwa anayeanza Python: makosa inayoyafichua na yale inayokuachia

Anayetaka kuanza Python jijini Nairobi huuliza mambo mawili: asome kozi gani, na anunue laptopu gani Luthuli. Mahali pa kuandikia programu zake haulizii, na hapo ndipo siku zake za kwanza huishia. Rafiki humwambia apakue VS Code, programu ya kuandikia msimbo, kwa sababu ndiyo inayotumika kazini. Anapakua, anaandika print("Habari"), anaambiwa hakuna Python. Anapakua Python, anasahau kutia tiki kwenye kisanduku cha PATH (kinachoiambia Windows Python iko wapi) kilicho chini kabisa ya dirisha la kwanza la kusakinisha, na Windows inamjibu kwamba Python haionekani. Bando limekwisha, na hajaona hata mstari mmoja uliofanya kazi.

Thonny imekusudiwa mtu huyo. Ni programu ya bure iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaojifunza, na Python imo ndani yake. Unasakinisha kitu kimoja, unaandika juu, unabonyeza F5, jibu linatokea chini. Ukishaisakinisha huhitaji intaneti tena. Kwa mtu wa bando la saa moja, hilo halihitaji kuelezwa.

Lakini wepesi wa kusakinisha si sababu ya kuisifu kwa maneno 2,000. Sababu ni kwamba makosa mengi ya anayeanza yana mzizi mmoja: anasoma alichokusudia kuandika, ilhali kompyuta inasoma alichoandika. Thonny ina njia ya kumwonyesha tofauti hiyo waziwazi, hatua kwa hatua. Njia hiyo ndiyo tunayoipima hapa, pamoja na pale inaposhindwa.

Kuipakua bila kupoteza bando

Ukurasa wa Thonny una faili zaidi ya moja za Windows, na wengi hubonyeza ya kwanza wanayoiona. Katika toleo la 4.1, faili kuu ina Python 3.10 ya biti 64, nayo inataka Windows 8.1, 10 au 11. Laptopu ya mtumba iliyobaki na Windows 7 inahitaji ile yenye Python 3.8 ya biti 32. Tofauti haiishii kwenye kukubali au kukataa kufunguka. Ukisahau kufunga mabano, Python 3.10 hukuambia kwamba mabano hayo hayakufungwa kamwe na kukuonyesha yalipofunguliwa, 3.8 hukuambia tu kwamba sintaksia ni mbovu, tena mara nyingi kwa kuusingizia mstari unaofuata ambao hauna hatia. Kama laptopu inaweza kubeba Windows 10, ibebe.

Ipo pia ya kubebeka, iliyofungwa kwa zip, isiyohitaji kusakinishwa. Hiyo ndiyo ya mtu anayetumia saiba au maabara ya shule ambako kompyuta hairuhusu kusakinisha chochote: unaifungua kwenye flashi, unaiendesha kutoka humo, na kazi zako unatoka nazo. Kwenye Ubuntu na Debian, sudo apt install thonny inatosha. Ukiwa na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, mfumo wake kwa kawaida huja nayo tayari.

Stima ikipotea je? F5 huhifadhi faili kabla ya kuiendesha, kwa hiyo anayebonyeza F5 kila baada ya mistari michache hapotezi kitu cha kuliliwa. Anayeandika mistari 60 kwa mkupuo ndipo aanze kujaribu ana shida kubwa kuliko stima: akikutana na kosa, ana mistari 60 ya kushuku. Andika mitatu, endesha.

Nauli ya matatu

Chukua programu hii ndogo. Makanga anataka kujua matatu ya viti 14 ikijaa italeta shilingi ngapi.

nauli = input("Nauli: ")
abiria = 14
jumla = nauli * abiria
print(jumla)

Andika 50. Jibu linalotarajiwa ni 700. Jibu linalotoka ni 5050505050505050505050505050. Hakuna maandishi mekundu wala onyo, na Python haijaona ubaya wowote. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, lile lisilolalamika.

Anayeanza akiona hivyo hurudi kuutazama mstari wa tatu. Anaukagua, anauona uko sawa, anaukagua tena. Kweli mstari wa tatu uko sawa. Kosa liko kwenye wa kwanza: input hurudisha maandishi siku zote, hata mtu akiandika tarakimu tupu. Na Python ikiambiwa izidishe maandishi kwa 14, huyarudia mara 14.

Sasa bonyeza Ctrl+F5 badala ya F5. Programu inasimama kabla ya mstari wa kwanza na kuutia rangi. F6 hutekeleza mstari mzima na kusonga mbele; F7 huingia ndani ya mstari. Upande wa kulia fungua dirisha la Variables; kama halionekani, liko kwenye menyu ya View. Pita mstari wa kwanza, andika 50 pale chini, kisha tazama kulia: nauli ni '50', na abiria ni 14. Alama mbili za nukuu kwenye moja, hakuna kwenye nyingine. Hapo kesi imekwisha kabla hata ya kufika mstari wa tatu. Ukitaka kuona zaidi, uingie mstari huo kwa F7: Thonny hufungua kisanduku juu ya hesabu yenyewe na kuweka thamani mahali pa jina, nauli ikageuka '50', abiria ikageuka 14, kisha vyote viwili vikamezwa na ule mkufu wa 5050.

Dawa inajulikana: nauli = int(input("Nauli: ")). Lakini hata dawa huandikwa vibaya. Wengi huongeza mstari wa pili wenye int(nauli) peke yake, bila kuirudishia nauli thamani mpya. Hapo int imefanya kazi yake, imetoa 50 safi, na 50 hiyo ikatupwa kwa kuwa hakuna aliyeipokea. Kwenye dirisha la kulia utaona nauli bado imevaa nukuu zake. Andika nauli = int(nauli), nukuu zinavuliwa.

Na mteja akiandika 50/= kama ilivyo kwenye vibao vya bei? ValueError. Akiandika 50.50, ValueError vilevile, maana int haipokei maandishi yenye nukta. Thonny haikukumbushi kujaribu hayo. Ni juu yako kuwaza kama mtu mkorofi kidogo.

Miezi 11 ya chama

Mwanachama anachanga shilingi 500 kila mwezi, mwaka mzima. Anayeanza anaandika for mwezi in range(1, 12) na kujumlisha 500 kila mara. Anapata 5,500. Desemba imeliwa, kwa sababu range huishia kabla ya nambari ya pili. Inatakiwa range(1, 13). Ukiingia ndani ya kitanzi hicho kwa F7 ukitazama mwezi upande wa kulia, utaiona ikifika 11 na kitanzi kufungwa.

Ndugu yake kosa hili ni kuweka jumla = 0 ndani ya kitanzi. Jibu linakuwa 500, hata miezi iwe 100. Kwenye dirisha la kulia jumla inapanda 500, inarudi 0, inapanda 500, inarudi 0, kama lifti mbovu. Ukiliona hivyo mara moja hulirudii. Ukielezwa kwa maneno tu, utalirudia.

Nambari tasa iliyomhadaa mwalimu

Hapa ndipo Thonny inapowaacha mbali wenzake. Tazama funksheni hii ya kukagua nambari tasa, ambayo kwa sura yake huzunguka kwenye madaftari ya wanafunzi mwaka baada ya mwaka:

def ni_tasa(n):
    for k in range(2, n):
        if n % k == 0:
            return False
        else:
            return True

Ijaribu kwa 7: True. Kwa 8: False. Kwa 11: True. Kwa 10: False. Majaribio manne, yote sahihi, na mwanafunzi anaiwasilisha. Funksheni imeoza. Ipe 9, itasema True. 15, True. 21, True. Kwa ufupi haikagui chochote ila kama nambari inagawanyika kwa 2.

Bonyeza Ctrl+F5 kwenye ni_tasa(9) na uingie kwa F7. Thonny hufungua dirisha jipya kabisa kwa ajili ya mwito huo, lenye n yake ya 9. k inakuwa 2. Kisanduku kinaonyesha 9 % 2 kuwa 1, kisha 1 == 0 kuwa False. Rangi inashuka kwenye else, inakuta return True, na dirisha zima linafungwa. k haikupata hata nafasi ya kuwa 3. Kufungwa kwa dirisha lile usoni pako kunafundisha maana ya return kuliko aya tatu za kitabu: return haimaanishi "weka jibu hili akiba", inamaanisha "toka, na jibu hili mkononi".

Marekebisho ni kuifuta else na kuirudisha return True nyuma hadi ilingane na for, ili isemwe baada ya kitanzi kumaliza wagawanyi wote. Nafasi nane tu za kibodi. Katika Python nafasi hizo ni sehemu ya sentensi, na anayetoka kwenye lugha ya mabano ya mawimbi huchukua muda kuliamini hilo.

Kabla ya kufurahi, jaribu zile za pembeni. Ile funksheni mbovu ukiipa 2 hurudisha None, kwa sababu range(2, 2) ni tupu na hakuna return iliyofikiwa. Iliyorekebishwa inasema True kwa 2, vyema, lakini inasema True kwa 1 pia, na 1 si tasa. Mstari wa kwanza ndani yake uwe if n < 2: return False.

Kisha mtu humwambia mwanafunzi kwamba si lazima kufika n, kipeuo cha pili kinatosha, na ni kweli: kwa 1,000,000,007 unakagua hadi 31,622 badala ya kukagua nambari bilioni moja. Anaandika range(2, int(n ** 0.5)) na ile Desemba ya chama inarudi kulipiza kisasi. Kwa 9, kipeuo ni 3, range(2, 3) ina 2 pekee, na 9 imekuwa tasa tena. 25 na 49 nazo vivyo hivyo. Inatakiwa int(n ** 0.5) + 1. Tahadhari: usiingize nambari ya mabilioni kwenye hali ya hatua kwa hatua. Hali hiyo ni nzito, maana Thonny inarekodi kila kijisehemu cha hesabu. Tafuta nambari ndogo kuliko zote inayoonyesha kosa, 4 au 9, uifuatilie hiyo. Ustadi wa kuipata ni sehemu ya somo.

Orodha

Mawili ya haraka, maana yanafanana na kila mtu huyapitia. La kwanza ni kuondoa vitu kwenye orodha huku unaipitia. Orodha [2, 4, 6, 7], ondoa shufwa kwa remove ndani ya for: unabaki na [4, 7]. 2 ikishaondolewa, 4 inasogea mahali pake, na kitanzi tayari kimehamia nafasi inayofuata, kikairuka. Jenga orodha mpya badala ya kuila uliyoishikilia.

La pili ni b = a, kisha kuongeza kitu kwenye b na kushangaa a nayo imeongezeka. Hakuna nakala iliyotengenezwa, kuna orodha moja yenye majina mawili, kama vile mtu mmoja aitwaye Baba Otis mtaani na Kamau kazini. Kwenye View washa Heap na utaona a na b zinaelekeza anwani ileile. b = a.copy() inazitenganisha. Dirisha la Heap hulihitaji siku za kawaida, lizime ukimaliza, linachanganya macho.

Maandishi mekundu

Tabia inayowachelewesha wanaoanza kuliko ujinga wowote wa sintaksia ni kuyafumbia macho maandishi mekundu. Yanatokea, mtu anayakimbia, anaanza kubadilisha msimbo kwa kubahatisha, au anayabandika kwenye roboti ya mazungumzo na kunakili jibu bila kulisoma. Yasome kutoka chini kwenda juu. Mstari wa mwisho hutaja aina ya kosa na sababu. Mistari iliyo juu yake hutaja nambari ya mstari, na Thonny imeigeuza nambari hiyo kiungo cha kubonyeza kinachokupeleka pale pale. Mabano na nukuu zisizofungwa hutiwa rangi hata kabla hujaendesha programu.

Kuna dirisha jingine liitwalo Assistant, ambalo hujaribu kueleza kosa kwa lugha nyepesi na kuonya kuhusu mistari yenye shaka. Sifa zake zimepita uwezo wake. Mara husaidia, mara hutaja kila kitu isipokuwa kosa lenyewe. Na maelezo yake ni Kiingereza, kwa hiyo anayesumbuliwa na Kiingereza cha Python hapumziki.

Thonny inapofaa kupongezwa ni kwenye jina la faili. Mwanafunzi anayejifunza kubahatisha nambari huiita faili yake random.py, kisha anaandika import random, na Python inaiingiza faili yake mwenyewe badala ya maktaba. Kosa linalotoka halieleweki kwa mtu wa wiki ya kwanza. Thonny hukuonya wakati unahifadhi kwamba jina hilo litakuzuia kuitumia maktaba ya jina hilo. Litii onyo hilo.

Hapa pia kuna faida ya Kiswahili isiyosemwa vya kutosha. Anayeita kigeu chake sum au list ameliiba jina la funksheni ya Python; akiandika sum = 0 na baadaye akahitaji sum(alama), ataambiwa kwamba int haiwezi kuitwa. Anayeandika jumla na orodha hagongani na Python hata siku moja, na akiutazama msimbo wake anajua papo hapo ni maneno yapi ya lugha na yapi yake. Tahadhari tu na herufi kubwa: idadi na Idadi ni vigeu viwili. Ukiweka kishale juu ya jina, Thonny inaweza kuangaza kila mahali jina hilohilo lilipo. Lisilowaka umelikosea tahajia.

Shida nyingine ni ya noti zinazosambazwa kwa Word na PDF. Word hugeuza nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python haizitambui. Itakutajia herufi batili U+201C. PDF nayo hupenda kumeza nafasi za mwanzo wa mstari. Thonny hairekebishi hata moja. Chapa upya kwa mkono, mistari kumi haimuui mtu, na vidole hujifunza.

Isipofika

Thonny ni ya Python na ndugu yake MicroPython, ile ya vifaa vidogo vya kielektroniki. Ukitaka kutengeneza tovuti kwa JavaScript, umepotea njia. Haina chochote cha maana cha Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo. Na mradi ukifika faili saba au nane, utaanza kuhisi umebanwa.

Maktaba za ziada ni mtego wa pekee. Mtu husakinisha pandas, maktaba ya kuchambua data, kwa amri ya pip kwenye dirisha jeusi la Windows, anarudi Thonny, anaambiwa ModuleNotFoundError. Hajakosea tahajia. Kompyuta yake sasa ina Python mbili, ile ya Windows na ile iliyomo ndani ya Thonny, na pandas imeingia kwa jirani. Tumia Tools, kisha Manage packages, utafute jina na kusakinisha humo humo. Hapa bando linahitajika, na pandas si nyepesi.

Anayejiandaa kwa mashindano, kwenye Codeforces au HackerRank, ajue kwamba Thonny itamwonyesha jibu sahihi ambalo tovuti italikataa, na sababu ni zilezile kila mara. Amri ya input("Nauli: ") inachapisha neno Nauli, na mkaguzi wa tovuti huhesabu neno hilo kuwa sehemu ya jibu, acha input() tupu. Nambari mbili zikija kwenye mstari mmoja, int(input()) inakwama; inatakiwa a, b = map(int, input().split()). La tatu ndilo zito. Swali linasema n inafika 200,000, na mwanafunzi ameweka kitanzi ndani ya kitanzi. Hizo ni hatua bilioni 40. Hata ukiipa Python hatua milioni 20 kwa sekunde, ni zaidi ya nusu saa, na tovuti inakupa sekunde 1 au 2. Kitanzi cha pili mara nyingi hujificha: if x in orodha, ikiwa ndani ya for, ni kitanzi kamili kilichovaa mstari mmoja. Igeuze orodha kuwa set mara moja kabla ya kuanza, na utafutaji unakuwa wa papo kwa hapo. Thonny haikwambii lolote kati ya haya, kwa sababu kwenye mifano ya nambari tano kila kitu ni cha haraka. Soma mipaka ya swali kabla ya kugusa kibodi, na tatua mfano wa kwanza kwa kalamu. Usipoweza kuutatua kwa kalamu, hakuna F7 itakayokuokoa.

Wenye simu pekee

Thonny haipo kwa Android, na Nairobi wapo wengi wanaojifunza kwa simu. Pydroid 3 huendesha Python kwenye simu bila intaneti. Kwa kuona hatua, kuna Python Tutor ya Philip Guo, ambayo hufanya kazi kwenye kivinjari na huchora vigeu na orodha kwa mishale; kwa yale mambo ya b = a michoro yake ni mizuri kuliko Heap ya Thonny. Inataka intaneti kila unapoitumia, na ina kikomo cha hatua 1,000, kwa hiyo ni ya vipande vifupi. Mwenye laptopu anaweza kutumia zote mbili bila kujibana.

Anayeuliza ahamie VS Code lini asitazame kalenda. Ahame siku atakapolisoma kosa jekundu na kwenda moja kwa moja kwenye mstari wenye ubaya bila Ctrl+F5, na faili zake zimeanza kuitana. Hakuna cha kubadilisha wakati huo: faili za .py ni zilezile, zinafunguka kokote. Ila safari hii, kwenye dirisha la kwanza la kusakinisha Python, atie ile tiki ya chini.